UZI: Vyuo vikihama ligi kwa ajili ya futiboli, timu za hoki ya barafuni zinabaki na nani?

Mzee wa Theluji (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Najua humu jukwaani ni Simba na Yanga asubuhi, Arsenal jioni, na mtu akitaja hoki watu wanakumbuka magongo ya shule za misheni. Nivumilieni leo. Ninayoisema mimi inachezwa juu ya barafu, wachezaji wamevaa skeiti, na badala ya mpira wanagombea kisahani kigumu cheusi. Naishi St. Cloud, jimbo la Minnesota. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani, na mmoja wa wazee wangu ana ugonjwa wa hoki usio na dawa. Kuanzia Oktoba hadi Machi, Ijumaa na Jumamosi usiku, hataki kusikia habari ya vidonge mpaka kipindi cha tatu kiishe. Ndiye aliyeniambukiza.

Juzi kwenye uzi wa NBA mdau mmoja aliuliza kwa nini vyuo vya Marekani vinahamahama ligi kama wapangaji wa Manzese. Akajibiwa kwa mkato: hela za televisheni. Kwa futiboli yao (ile ya kofia ngumu, mpira unabebwa mkononi) jibu hilo ni sahihi. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, vilitangaza kwenda Big Ten, ligi iliyozaliwa majimbo ya Maziwa Makuu (ya kwao, si ya kwetu). Agosti mwaka huohuo Big Ten wakatangaza mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC, wa zaidi ya dola bilioni 7. Mwaka uliofuata Oregon na Washington nao wakafunga mizigo, wengine wakakimbilia ligi za Big 12 na ACC, na Pac-12, ligi yenye umri wa zaidi ya karne, ikabaki na vyuo viwili vikitazamana.

Sasa swali langu. Kwenye hoki ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza kuna vyuo sitini na kidogo tu nchi nzima. Vingi kati yake kwenye futiboli havijulikani, vingine havina kabisa hiyo futiboli. Tembo wakipigana huko juu, hawa wa chini inakuwaje?

Mimi naona watu wanaangalia pasipo. Wanahesabu hela. Kwenye hoki ya vyuo ligi siyo hela za runinga. Ligi ni ahadi kwamba kuna watu watakuja kwako. Timu inacheza mechi 34 kwa msimu, kwa kawaida Ijumaa na Jumamosi dhidi ya mpinzani yuleyule, kwa hiyo ukiwa na ligi una uhakika wa wageni wikendi nyingi za baridi. Ligi ikivunjika, kitu cha kwanza unachopoteza siyo kombe. Unapoteza wageni. Usipokuwa na wageni huna tiketi za kuuza, huna la kumwambia mfadhili, huna la kumwambia mzazi wa mchezaji.

Na hii haikuanza juzi na Los Angeles. Kwenye hoki bomu lilishalipuka kitambo, na lilianza na hundi moja.

Septemba 2010, Terry Pegula, tajiri wa gesi asilia aliyesoma Penn State, alikipa chuo chake dola milioni 88 kijenge uwanja wa barafu na kuanzisha timu ya Divisheni ya Kwanza. Penn State ni Big Ten. Kabla ya hapo vyuo vya Big Ten vyenye hoki ya kiwango hicho vilikuwa vitano, na vilikuwa vimetawanyika: Minnesota na Wisconsin wakicheza ligi iitwayo WCHA, Michigan, Michigan State na Ohio State wakicheza CCHA. Watano hawafanyi ligi. Alipopatikana wa sita, haikupita hata miezi saba. Machi 2011 Big Ten wakatangaza kwamba kuanzia msimu wa 2013/14 watakuwa na ligi yao ya hoki.

Waliobaki wenye nguvu hawakusubiri kuzikwa. Julai 2011 Denver, North Dakota, Colorado College, Minnesota Duluth, Omaha na Miami (ya Ohio, siyo ile ya ufukweni) wakatangaza ligi mpya, NCHC. Baadaye wakaingia Western Michigan na hawa wa kwangu hapa, St. Cloud State. Notre Dame wakaenda zao Hockey East, huko pwani ya mashariki, kisha 2017 wakarudi huku na kuingia Big Ten kwa hoki tu. CCHA, iliyokuwepo tangu 1971, ikafa 2013. WCHA ikabaki na jina, ndani wakabaki wale ambao hakuna aliyewaposa.

Mzee wangu ana msemo wake. Anasema mwaka ule alipoteza majirani bila mtu yeyote kuhama nyumba. Minnesota wako saa moja na kidogo kwa gari kutoka hapa. Siku hizi mechi zao za ligi wanazifuata Pennsylvania.

Nawasilisha. Karibuni.

Kijana wa Kwa Mtogole

Nimekaa mkao wa kula. Uzi bila picha haunogi lakini huu nauvumilia.

Mkata Mkaa

Mkuu heshima yako, ila sioni tatizo. Wakubwa wamejitenga, wadogo wapambane na hali zao. Hata ile Super League ya Ulaya mwaka 2021 watu walilia weee, mwisho maisha yakaendelea. Timu ndogo ikifa maana yake haikuwa na wateja. Biashara ni biashara.

Mzee wa Theluji

Mkata Mkaa, Super League ilikufa ndani ya siku chache, kwa hiyo hatukuona kilichofuata. Huku hatua ya pili tumeiona. Ngoja nikupe kisa cha Huntsville, kisha uniambie kama waliokufa hawakuwa na wateja.

Chuo kikuu cha Alabama tawi la Huntsville. Alabama ni kusini kabisa, joto, kule NASA wanakotengenezea roketi. Barafu iliyoko kule ni ya kwenye soda. Lakini chuo hiki kilikuwa na hoki ya maana: kilichukua ubingwa wa taifa wa Divisheni ya Pili mwaka 1996 na 1998, kisha kikapanda. Kikawa kwenye ligi ndogo iitwayo CHA. Mwaka 2008 Wayne State ya Detroit wakafuta timu yao, CHA ikabaki na wanne. Bemidji State wakaomba WCHA wakapokelewa. Niagara na Robert Morris wakaenda Atlantic Hockey. Huntsville wakaomba CCHA, na Agosti 2009 wakakataliwa. Mwaka 2010 CHA ya wanaume ikafungwa, na Huntsville wakabaki peke yao uwanjani kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Misimu mitatu walicheza bila ligi. Kidogo wafutwe. Halafu, na hapa ndipo utamu wa hadithi ulipo, ni yale mapinduzi ya 2013 yaliyowaokoa. WCHA ilikuwa imekimbiwa, inahitaji watu, ikawafungulia mlango. Kwa hiyo msije mkadhani mimi nasema kuhamahama ni kubaya siku zote. Huntsville waliishi miaka minane zaidi kwa sababu Big Ten waliwavuruga wengine.

Lakini angalia ligi waliyoingia: timu kumi, kutoka Alabama hadi Alaska. Huntsville hadi Fairbanks ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa mstari wa ndege. Hiyo ni kama Dar hadi Johannesburg na kurudi, na hapo umekwenda tu. Hakuna aliyeichora ligi ile akiwa na ramani mezani. Ilikuwa mabaki ya sherehe ya watu wengine yaliyowekwa kwenye sahani moja.

Juni 2019 wale saba wa katikati, yaani Bemidji, Minnesota State ya Mankato, Michigan Tech, Northern Michigan, Lake Superior State, Ferris State na Bowling Green, wakasema inatosha, tunaondoka. Waliobaki: Huntsville na wale wawili wa Alaska, Anchorage na Fairbanks. Saba wale wakalifufua jina la CCHA na kuanza 2021, wakamchukua na St. Thomas. Hata kombe la ligi, MacNaughton, waliondoka nalo.

Mei 2020, corona imebana, Huntsville wakatangaza kufuta hoki. Wahitimu na mashabiki wakachanga zaidi ya dola nusu milioni ndani ya wiki moja hivi, timu ikarudishwa. Mei 2021 ikasimamishwa. Safari hii sababu ilikuwa moja: hakuna ligi iliyowakubali.

Mkata Mkaa, umeona mpangilio? Hela zilipatikana. Wateja walikuwepo, tena wanachanga kutoka mifukoni. Kilichokosekana ni majirani.

Odhis wa Umoja

Buda umeniuma na hii story. Mimi ni Mkenya, na hapa Nairobi tuna barafu moja tu, ile ya hoteli ya Panari kule Mombasa Road. Ice Lions wetu walikuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hakuna mpinzani. 2018 wakapelekwa Canada wakacheza na Sidney Crosby, nyota wa hoki, na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia la hoki kama mwanachama mshiriki. Kwa hivyo hii kitu ya kukosa mtu wa kucheza naye sisi tunaijua live. Ukiwa na timu bila mpinzani, ile ni mazoezi tu.

Swali: hao wa Alaska nao walienda wapi?

Mzee wa Theluji

Odhis, karibu. Alaska ni kisa kingine.

Anchorage walishaandikiwa hukumu. Mwaka 2020 chuo kilipanga kufuta hoki, mazoezi ya viungo na ski, kwa kuwa jimbo lilikuwa limekata bajeti ya vyuo. Wakaambiwa wakitaka kubaki watafute takriban dola milioni 3. Wakazitafuta. Walichukua kama mwaka mzima, wakazipata, wakarudi barafuni msimu wa 2022/23. Fairbanks wao walikosa msimu mmoja wa corona wakarudi 2021/22. Wote wawili hadi leo hawana ligi.

Kinachowasaidia ni kanuni moja ya ajabu kidogo. Mechi unazocheza Alaska hazihesabiwi kwenye kikomo chako cha 34. Timu ya bara ikikubali kupanda ndege kwenda kule inapata mechi za nyongeza. Ni kama mgeni anayeambiwa ukija kwangu chakula hakihesabiwi kwenye dayati. Wanakwenda, lakini wanakwenda wakati unaowafaa wao, hasa mwanzoni mwa msimu. Ikifika Januari na Februari kila mtu yuko kwenye ligi yake. Hapo timu huru inabaki kupiga simu.

Fundi Hesabu

Nadhani kuna kitu mleta uzi amekiruka nacho ndicho roho ya jambo. Namba sita.

Mtoano wa taifa wa wanaume una timu 16. Ligi ziko sita, na bingwa wa kila ligi anaingia moja kwa moja. Zinabaki nafasi kumi zinazogawiwa kwa fomula. Ili ligi ipate ile nafasi ya moja kwa moja lazima iwe na timu sita. Ikishuka chini ya hapo inapewa muda wa kujirekebisha, ukiisha imekwisha. Kwa hiyo ligi ya timu saba ikipoteza mbili haijapoteza mbili, imepoteza zote.

Fomula yenyewe, ya zamani iliyoitwa PairWise na hii NPI wanayotumia kuanzia msimu wa 2025/26, inaangalia umemfunga nani. Wakubwa wakijifungia chumba kimoja wanabebana: hata akifungwa, kafungwa na mkubwa mwenzake. Mdogo akishinda dhidi ya mdogo mwenzake anapata makombo. Fairbanks msimu wa 2022/23 walishinda mechi 22. Ishirini na mbili! Hawakuitwa. Wangekuwa na ligi wangekuwa na mlango wa nyuma: shinda mashindano ya ligi yako Machi, umeingia, fomula ikae pembeni.

Ndiyo maana mimi nasema kuhamahama kunaua kwa hesabu kabla hakujaua kwa hela.

Mzee wa Theluji

Fundi, nakupa maua yako. Nyongeza ndogo tu: ile hundi ya Pegula ilikuwa na maana kwa sababu hiyohiyo. Ilinunua namba sita.

Binti Chake

Assalaam aleikum. Mimi niko Boston, na nina mambo mawili ya kumpinga ndugu yangu Mzee wa Theluji.

La kwanza. Anasema ligi ndiyo inayoleta wageni. Huku tuna Beanpot. Tangu 1952 vyuo vinne vya mji huu, Boston University, Boston College, Harvard na Northeastern, vinakutana kila mwaka, siku hizi ni Jumatatu mbili za mwanzo wa Februari. Harvard yuko ligi ya ECAC, wengine watatu wako Hockey East. Wakati Hockey East inajitenga na ECAC mwaka 1984 watu walisema uhasama wa mji utakufa. Wapi! Uwanja unajaa mpaka leo. Boston College kwenye futiboli yuko ACC anasafiri mpaka California kumfuata Stanford, lakini kwenye hoki anapanda treni ya mtaani. Kwa hiyo jirani ni jirani, awe ligi yako asiwe ligi yako, mradi mwenyewe unataka.

La pili ni wanawake, ambao uzi mzima hamjawataja hata mara moja, na jibu la swali lenu liko kwao. Big Ten ina vyuo vinne tu vyenye hoki ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza: Minnesota, Wisconsin, Ohio State na Penn State. Wanne hawafiki sita. Kwa hiyo WCHA ya wanawake haikuvunjwa. Ipo. Timu ya wanawake ya Minnesota mpaka leo inakuja hapo hapo St. Cloud kucheza mechi za ligi, Mzee wa Theluji, ukitoka nje utawaona. Na ligi hiyo ndogo isiyovunjwa imefanya nini? Tangu mashindano ya taifa ya wanawake (NCAA) yaanze 2001 hadi 2025, ukiwatoa Clarkson waliochukua mara tatu, mabingwa wengine wote walitoka WCHA. Wisconsin peke yao mara nane.

Kama mnataka kujua hoki ya wanaume ingekuwaje bila ile hundi, nendeni mkatazame mechi ya wanawake. Tiketi yenyewe bei poa.

Kijana wa Kwa Mtogole

Dada kamaliza. Mleta uzi kimyaaa.

Mzee wa Theluji

Sijakimbia, nilikuwa zamu.

Binti Chake, la pili nalikubali lote na naona haya kidogo. Mzee wangu haangalii wanawake nami nikafuata kasumba yake. Jumamosi nakwenda kutazama.

La kwanza nakubali nusu. Boston ni mji wenye vyuo vinne vya hoki ndani ya nauli ya treni. Beanpot inaishi kwa sababu hakuna anayelipa hoteli. Sasa mpeleke Houghton, waliko Michigan Tech, juu kabisa kwenye pembe ya Michigan, theluji imefika dirishani. Huyo akitegemea uungwana wa majirani bila mkataba wa ligi atacheza na miti. Hata Minnesota na North Dakota, watani wa jadi haswa, ligi zilipotengana 2013 walikaa misimu mitatu bila kukutana msimu wa kawaida. Walirudiana 2016. Wote wana hela, wote wana viwanja, wako jimbo moja na linalofuata, na bado ilichukua miaka mitatu kupata wikendi. Sasa fikiria Lake Superior State akipiga simu kwa mkubwa.

Mkata Mkaa

Nimesoma, nimelainika kidogo. Lakini semeni ukweli, wakubwa si wamefaidika? Big Ten wana hela, tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote. Na vijana wa ligi kubwa za vijana za Canada, waliokuwa wamezuiwa kucheza vyuoni, wamefunguliwa mlango kuanzia Agosti 2025. Gavin McKenna, kijana aliyekuwa anatajwa juu kabisa kwa rika lake, kaenda wapi? Penn State. Chuo ambacho miaka kumi na tano iliyopita hakikuwa na timu. Hundi imelipa.

Fundi Hesabu

Hundi imelipa nini? Tuhesabu mabingwa wa taifa wa wanaume tangu Big Ten ianze hoki hadi 2025.

2014 Union, chuo kidogo cha New York ambacho wakati huo hata hakikuwa kinatoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. 2015 Providence. 2016 North Dakota. 2017 Denver. 2018 na 2019 Minnesota Duluth. 2020 corona. 2021 UMass. 2022 Denver. 2023 Quinnipiac, wakiwafunga Minnesota wa Big Ten sekunde ya kumi ya muda wa nyongeza. 2024 Denver. 2025 Western Michigan.

Nionyeshe wa Big Ten hapo. Miaka kumi na miwili, sifuri. Na NCHC, ile ligi ya waliokataa kuzikwa, saba.

Odhis wa Umoja

Saba kwa kumi na moja 😂😂 hao walioachwa walikuwa na hasira.

Mkata Mkaa

Haya, hapo sina la kusema. Ila mkumbuke hela za kulipa wachezaji ndiyo kwanza zimeanza. Tukutane hapa baada ya miaka mitano.

Mzee wa Theluji

Mkata Mkaa hoja yako ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi, siyo utani. Miaka ile kumi na miwili Big Ten walikuwa na hela nyingi, lakini hapakuwa na mahali halali pa kuzimimina zaidi ya viwanja na makocha. Sasa papo. Na papo hapo kikomo cha wachezaji kimekuwa 26, na ule ukomo wa zamani wa ufadhili wa masomo wa watu 18 umeondoka kwa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya. Chuo chenye futiboli kubwa kinaweza kufadhili wote 26 na kulipa juu yake. Chuo changu hapa hakiwezi.

Tena niwaambie kuhusu chuo changu hapa. Desemba 2019 St. Cloud State ilitangaza kufuta futiboli kabisa. Ndiyo, nchi hii ambayo futiboli ni dini. Wakafuta futiboli, hoki ikabaki. Michezo yao mingine ni Divisheni ya Pili, hoki peke yake ndiyo inacheza na wakubwa. Mwaka 2021 wakafika fainali ya taifa wakala tano bila kwa UMass, mzee wangu mpaka leo anasema mwamuzi alikuwa mgonjwa. Kwa chuo cha namna hii, NCHC siyo ligi tu, ni anwani. Siku Denver na North Dakota wakiamua wana pa kwenda pazuri zaidi, sisi tunarudi kuwa chuo cha Divisheni ya Pili chenye uwanja mkubwa wa barafu.

Na kushuka kupo kweli, siyo nadharia. Machi 2019 St. Cloud waliingia mtoano wakiwa namba moja nchi nzima. Raundi ya kwanza wakapangwa na AIC, chuo kidogo cha Massachusetts ambacho wengi hapa hawakujua hata herufi zake zinasimamia nini. AIC wakashinda 2-1. Mji mzima uliamka na mafua. Leo hao AIC hawapo tena Divisheni ya Kwanza, wameshuka wenyewe baada ya msimu wa 2024/25 kwa kushindwa gharama. Mzee aliposikia alinyamaza kidogo, akaniambia zima redio.

Sista Rehema

Jamani mimi msomaji tu, nauliza swali la mjinga. Chuo kimoja kinawezaje kuwa ligi tofauti kwa kila mchezo? Si mngebaki wote sehemu moja mkayamaliza?

Mzee wa Theluji

Sista, siyo swali la mjinga, ndilo linaloleta matumaini yangu yote.

Hoki ina ukabila wake. UMass Julai 2025 wamejiunga na ligi ya MAC kwa futiboli na michezo mingine, lakini MAC haina hoki, kwa hiyo hoki yao imebaki Hockey East, haikutikisika. Kwenye MAC hiyohiyo kuna Western Michigan na Miami wanaocheza hoki NCHC, na Bowling Green anayecheza CCHA. UConn mwaka 2020 walirudi Big East, hoki ikabaki ilipokuwa. Colorado College michezo yao mingi ni Divisheni ya Tatu, hoki wanacheza na Denver. Arizona State futiboli ilitoka Pac-12 kwenda Big 12, hoki yao iliyokuwa huru tangu 2015 ikaingia NCHC msimu wa 2024/25. Uhamisho wa aina mbili, na hakuna uliotegemea mwenzake.

Kwa hiyo hatari haiji kila futiboli inapohama. Inakuja pale ligi ya futiboli inapofikisha timu sita za hoki na kusema sasa rudini nyumbani. Big Ten ndiyo pekee iliyofanya hivyo mpaka sasa. USC, UCLA, Oregon na Washington walioongezwa hawana hoki ya kiwango hiki, ndiyo maana Big Ten kwenye futiboli wana kumi na nane na kwenye hoki wana saba, huyo wa saba akiwa Notre Dame wa kuazimwa. Siku mmoja wa hao wa pwani ya magharibi akipata Pegula wake, rudini kwenye uzi huu.

Binti Chake

Na mtu wa saba akiwa wa kuazimwa, maana yake wao wenyewe wako ukingoni. Sita kamili. Mmoja akikohoa…

Fundi Hesabu

Na tazameni CCHA mpya. Timu tisa, zikiwemo Augustana walioingia 2023. St. Thomas anaondoka kwenda NCHC msimu wa 2026/27. Zinabaki nane. Nane ukitoa mbili ni sita.

Mzee wa Theluji

St. Thomas nao ni vituko. Mwaka 2019 ligi yao ya Divisheni ya Tatu iliwafukuza kwa kosa la kushinda sana. Wakaruka moja kwa moja hadi Divisheni ya Kwanza 2021. Wakapata mfadhili wa dola milioni 75, uwanja mpya ukafunguliwa Oktoba 2025, na sasa wanapanda ngazi nyingine. Waliofukuzwa wanaposwa. Nyuma yao Ferris State na Lake Superior wanahesabu vidole.

Kwetu hapa ni neema, nakiri ubinafsi wangu. Msimu ujao St. Thomas ni mchezo wa ligi, saa moja na kidogo kwa gari, wale majirani wa mzee wanaanza kurudi mmoja mmoja. Nilipomwambia alifurahi. Halafu akauliza, na Mankato watacheza na nani?

Odhis wa Umoja

Na Mankato watacheza na nani?

Mzee wa Theluji

Bado wana Bemidji humuhumu Minnesota. Baada ya hapo ni mwendo wa basi.

Naingia zamu wakuu. Binti Chake, ratiba ya wanawake nimeshaibandika kwenye friji ya mzee. Ameiona, hajasema kitu.